Ndege Zinagonga Nyaya

Jumatatu, 3 Machi

Nimeokota mwingine leo. Korongo, wale wenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani. Alikuwa amelala kwenye matete chini ya laini ya umeme, kama shati lililopeperuka kutoka kambani. Shingo imevunjika. Hakuungua! Umeme haukumgusa kabisa. Ameugonga waya wa juu, ule mwembamba wa kukinga radi. Zile nyaya tatu nene anaziona vizuri, anainuka kuzikwepa — na ndipo anapokutana na huo mwembamba. Kwenye ukungu wa asubuhi hata mimi niliyeufunga siuoni.

Mfupi akasema tumzike palepale. (Mfupi ni mwenzangu kazini. Mrefu kuliko ngazi yetu, ndiyo maana akaitwa hivyo.) Tukamzika, tukarudi kwenye gari.

Nyumbani nikamwambia Mama mkwe. Nilichagua wakati mbaya, alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. Jibu nilikuwa nalo kabla hajauliza: ni mmoja wa wale korongo wawili wake. Kila siku anakaa ukumbi wa nje, nyuma ya nyumba, na darubini ya marehemu baba mkwe, anawatazama. Nyumba yetu ndiyo ya mwisho mtaani. Ukitoka ukumbini ni kamba ya nguo, kisha kinamasi, kisha laini yangu. Korongo wale wana makinda wawili, wakubwa sasa, wanakimbia huku wanapigapiga mabawa. Wamebaki na mzazi mmoja.

"Wiki mbili tu wataruka," Mama akasema. "Na wakiruka wataelekea wapi?"

Maji na chakula viko upande wa pili wa laini.

Nikasema, kwa uchungu wa kweli, "Mama, mwaka huu ndege zinakufa sana."

"Wanakufa."

"Ndiyo Mama, zinakufa."

"Wa-na-ku-fa. Ndege ni kiumbe, si meza."

Hata kwenye msiba! Alistaafu kufundisha Kiswahili zamani, lakini Kiswahili hakijamstaafu. Kadi zetu za harusi zilirudi kiwandani mara mbili kwa sababu ya "vyakula zitakuwepo". Basi humu nitaandika nitakavyo. Ndege mmoja anaruka, ndege nyingi zinaruka, ndivyo tulivyosema kwetu tangu nikiwa mtoto. Daftari langu, kalamu yangu. Ndege zinakufa na mimi nimekasirika.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi wakati nafunga buti Mama akaniambia yale yale ya kila siku: "Usiangalie chini. Angalia unakokwenda." Ndiyo kwaheri yake. Zamani, mwanawe alipomwambia mchumba ni fundi wa laini, anapanda nguzo, Mama aliuliza neno moja tu: "Anatafuta nini huko juu?" Tumetoka mbali.

Nikaenda moja kwa moja kwa Meneja. Tunamwita Bwana Taratibu, na yeye anajua, na nadhani anapenda. Nikamwambia nataka alama za kutundika kwenye waya wa juu, vitu vyovyote vinavyoonekana kwenye ukungu. Akavua miwani. Akasema taratibu ni taratibu: bajeti ya matengenezo imeshafungwa, kilichobaki ni namba ya dharura ya makao makuu, nayo inapokea ujumbe mfupi tu.

Mfupi akasema, andika wewe, una mkono mzuri. Nimeandika hivi: "NDEGE ZINAGONGA NYAYA KINAMASINI. ZIMESHAANGUKA NYINGI. TUNAOMBA ALAMA ZA KUTUNDIKA HARAKA KABLA NYINGINE HAZIJAANGUKA." Mfupi akasoma mara mbili, akasema imekaa vizuri, inatia huruma. Nikatuma.

Jioni tena! Yangeyange, ndege mweupe pe, kaanguka karibu na kamba yetu ya nguo. Mzima, bawa moja linaning'inia. Nimemweka bafuni kwenye boksi la mashine ya kushonea ya mume wangu. Mume wangu kauliza ataoga wapi. Nimemwambia aoge, lakini asimwangalie.

Jumatano, 5 Machi

Wamepiga! Makao makuu wenyewe! Niko juu ya nguzo, simu inalia mfukoni, nimeshuka kama nyani.

Sauti ya mwanaume, nzito, mtandao unakatakata. Kauliza zimeanguka ngapi. Nikasema nimeacha kuhesabu, ila tangu mwaka uanze ni zaidi ya kumi. Kauliza ni kubwa au ndogo. Nikasema kubwa kwa ndogo, asubuhi kukiwa na ukungu ndiyo balaa. Zinatoka wapi? Nikamwambia nyingine za hapahapa, nyingine zinatoka nje ya nchi, kila mwaka majira haya lazima zipite. Akaanza kufoka, kwa nini hatukutoa taarifa mapema! Nami nikafoka. Mwaka wa tatu huu tunatoa taarifa, kaka, mnatuambia hakuna bajeti!

"Kuna manusura?"

"Mmoja tu. Yuko bafuni kwangu."

"Ba— bafuni?"

"Ndani ya boksi. Ameumia."

"Anaongea?"

Nikacheka. Nikasema anapiga kelele tu, na ukimkaribia anakurukia machoni.

"Amekula?"

"Samaki wabichi. Kingine hataki."

Nikasikia kalamu inakwaruza karatasi. Halafu, kwa sauti ya chini, ya upole kabisa: "Dada, usimtoe hapo alipo. Tunakuja."

Tunakuja! Miaka mitatu ya kuambiwa subirini, leo wanakuja! Sikujua makao makuu kuna mtu anayependa ndege namna hii. Nimemkumbatia Mfupi kiunoni maana ndipo ninapofikia. Mama nimemwambia tu kwamba mambo yamekaa sawa. Kauliza yamekaaje. Nikasema yamekaa.

Ijumaa, 7 Machi

Bado hawajaja. Yangeyange kapanda juu ya ndoo, anatulia huko kama hakimu. Bafu linanuka samaki. Mume wangu kamshonea kifungio cha bawa kwa kitambaa cha koti la mteja. Kamfunga vizuri, kisha akapigwa mdomo puani. Kasema wateja wengine wamemfanyia mabaya zaidi.

Makinda wamejaribu leo. Wameruka juu kimo cha mtu, wakatua, wakashangaa. Mama kanionyesha kwa darubini. Yule mdogo anaanza mwenzake akishamaliza — mume wangu anamwita Mvivu.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu wangu. Mungu wangu. Niandike kwa mpangilio.

Nilikuwa naanika nguo. Nikasikia king'ora. Nikadhani moto mtaani. Kikaja kikaja, kikasimama mlangoni kwetu. Ambulansi. Nyuma yake gari la zimamoto. Nyuma yake gari jeupe, akashuka bwana mwenye shati jeupe na mistari ya dhahabu mabegani. Mkaguzi wa usafiri wa anga!

Mama ndiye aliyefungua. Wauguzi wawili na machela wakamwambia wamekuja kumchukua manusura wa ajali ya ndege, wameambiwa yuko bafuni, samahani kwa kuchelewa, kibali cha safari kimechukua siku tatu. Mtu mwingine angepiga kelele. Mama akasogea kando.

"Ah, huyo. Mlango wa pili kushoto. Ila msiingie wote, haogopi mtu mmoja mmoja. Na vueni viatu."

Wakavua viatu. Wakaingia na machela. Kikafuata kishindo cha ndoo, kisha mayowe. Muuguzi wa kwanza alitoka na unyoya kwenye nywele. Wa pili hakutoka mpaka mume wangu alipoenda kumfungulia, maana alikuwa amejifungia nyuma ya pazia.

Mkaguzi (sauti ndiyo ile ile nzito ya simuni, kumbe makao makuu walimpelekea yeye ujumbe wangu) akatoa simu, akausoma kwa sauti, mbele ya zimamoto, mbele ya majirani waliokwisha kujaa uani. Ndege zinagonga nyaya. Alipofika hapo Mama alifumba macho, kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Zinagonga," akarudia polepole. "Nani aliandika?"

Mume wangu kwa kawaida hana upande. Mimi na mama yake tukigombana yeye ni ukuta kati ya chumba na sebule, kote yupo. Leo alinyoosha kidole, akanionyesha mimi.

Mama akamgeukia Mkaguzi. Akamweleza kama anavyoelezwa mtoto wa darasa la tatu. Ya abiria inagonga, zinagonga. Wa manyoya anagonga, wanagonga. "Angeandika wanagonga, mngejua ni viumbe. Kaandika zinagonga, mmeleta zimamoto."

Zimamoto walikaa chini barabarani kwa kucheka. Mmoja aliomba maji. Dereva wa ambulansi akaomba apige picha na manusura. Nami nilikuwa nacheka huku nataka ardhi ipasuke.

Mkaguzi hakucheka. Akasema kuna mtu atajibu kwa hili. Akasema maboya ya kutahadharisha ndege — zake, za chuma — yameshapakiwa na yako njiani kwenye lori, kwa jina la laini yangu, na atahakikisha yanarudi yalikotoka.

Hapo kicheko kikaniishia. Maboya! Yako njiani! Makubwa ya mviringo, mekundu na meupe, ya kutundikwa kwenye waya wa juu kabisa! Hayo hayo ninayoyalilia, na yanarudi.

Nimeingia chumbani nimelia. Kwa hasira, si kwa aibu. Kidogo kwa aibu.

Jumapili, 9 Machi

Mama haongei nami. Si kwamba kanuna. Anafikiri. Ni mbaya zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Lori limefika asubuhi. Dereva hakuwa na habari yoyote, kashusha mzigo ghalani akaondoka zake. Mimi na Mfupi tumeenda kuchungulia. Yamepangwa kama matikiti sokoni, yanang'aa. Mfupi kalipapasa moja, kasema, "Komba, haya hata mimi nikilewa nayaona." (Komba ni mimi. Kwa ajili ya kupanda.)

Kesho saa nne nimeitwa kwa Meneja. Mkaguzi atakuwepo.

Jumanne, 11 Machi

Nitaandika yote. Sitaki kusahau hata neno moja.

Ofisi ya Bwana Taratibu: feni inayolia, glasi ya maji yenye kifuniko, viti viwili. Mkaguzi kakaa kimoja. Mimi nimesimama. Mkaguzi kasema nimetoa taarifa ya uongo kwa namba ya dharura, vikosi vitatu vimesafiri bure, anataka adhabu na anataka maboya yake leo leo.

Mlango ukagongwa. Mama! Gauni la kutokea, mkoba wa shule ule wa zamani, viatu vya kubana. Hakuna aliyemwita. Bwana Taratibu akaanza kusema kwamba kwa taratibu, mtu asiye mfanyakazi — lakini alikuwa ameshasimama kumpa kiti. Mama hakukaa.

"Mkaguzi," akasema, "nina swali moja la lugha. Asubuhi ukitoka nje, ukaona kundi la ndege wadogo linapita juu ya paa. Mkeo ndani anakuuliza kuna nini. Unamjibuje?"

Mkaguzi akajibu bila kufikiri. "Hakuna kitu, ndege zinapita."

Feni ikaendelea kulia. Nikamwona anasikia alichosema, akiwa kachelewa.

"Basi," Mama akasema. "Huyu binti hakusema uongo. Kasema kama unavyosema wewe kwako. Nusu ya nchi inasema zinapita. Lugha ni mali ya wasemaji."

Nilimtazama mama huyu! Mwanamke aliyekata alama watoto wa watu kwa kosa hilo hilo mpaka akastaafu! Anayemsahihisha mchungaji akiwa katikati ya sala! Kasema lugha ni mali ya wasemaji, mbele za watu, bila kupepesa. Nilijua imemgharimu.

Kisha akasema, sasa kwa sauti yake ya kawaida, "Kule kinamasini kuna makinda wawili wa korongo. Mama yao kafa kwenye waya ule. Wiki hii au ijayo wataruka. Mimi ni mzee, sina ninachofuga, ndio ninaowaangalia. Ni hilo tu." Akakaa.

Mkaguzi kashika paji la uso. Kasema anaelewa, anasikitika, lakini mali ni ya idara na lazima irudi.

Hapo Bwana Taratibu akavaa miwani. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kitabu cha kanuni, akalamba kidole. Akatafuta ukurasa. Hakuwa na haraka, hajawahi kuwa nayo. Akasoma kwamba vifaa vikishashushwa ghalani kwa jina la laini fulani, vitafungwa kwenye laini hiyo. Kuvirudisha kunahitaji sahihi ya mkuu wa ugavi.

"Basi apigiwe simu," Mkaguzi kasema.

"Yuko likizo."

"Mpaka lini?"

"Mwisho wa mwezi ujao." Akafunika glasi ya maji, ambayo ilikuwa imefunikwa tayari. "Taratibu ni taratibu."

Miaka yote hii nimemsema huyu mtu! Nimemsema sokoni, nimemsema juu ya nguzo, nimemsema humu. Leo ningeweza kumbusu kipara.

Mkaguzi — nilidhani anakohoa — akaanza kucheka. Kwanza mabega, kisha mistari yote ya dhahabu. Akasema akirudi ofisini atawaambia nini. Mama akamwambia, waambie zimepona. Adhabu yangu ni barua ya kuomba radhi. Mama ataisahihisha kabla haijaenda.

Njiani nikamshika mkono. Nikamwambia, Mama, asante, leo umesema—

"Usidhani nimekubali," akasema. "Nyumbani kwangu ni wanagonga."

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Hatuwezi kupanda. Nimekaa ghalani natazama matikiti yangu.

Makinda jana walivuka uwazi wote wa matete kwa mruko mmoja. Mama kasema, "Wanakusubiri wewe, lakini hawatakusubiri sana."

Ijumaa, 14 Machi

Mvua! Mfupi kasema ikinyesha na kesho atapanda nayo shingoni. Barua yangu imerudi na wino mwekundu kila mstari. Chini Mama kaandika "Jitahidi".

Jumamosi, 15 Machi

JUA!

Tumezima laini asubuhi mapema. Mtaa mzima ukalalamika, kinyozi akatoka na mteja aliyenyolewa nusu, mama wa saluni akatuita majina mabaya. Mfupi akawaambia ni kwa ajili ya manusura. Wote wakacheka! Habari imeshazunguka, mji mzima unajua bafu letu. Kinyozi akasema basi sawa, akamrudisha mteja ndani akammalizia kwa mkasi.

Tukahakikisha laini imekufa kweli, tukaiunganisha na ardhi kwa usalama, nikapanda. Kile kiti cha kuning'inia hukikalii, unakiamini tu. Kina magurudumu mawili juu ya waya, Mfupi ananivuta kwa kamba kutoka nguzo ya pili, maboya yanapandishwa kutoka kwenye mtumbwi chini yangu. Funga, kaza, sogea. Funga, kaza, sogea. Jekundu, jeupe, jekundu. Kinamasi chote kiko chini ya buti zangu: matete, maji yanayometameta, na makundi makundi ya ndege yanainuka na kutua kwa ajili ya kivuli changu. Sijawahi kufurahi hivi kazini. Nimeimba! Mfupi kaniomba ninyamaze, kasema laini haijawahi kufanyiwa hivyo.

Katikati kabisa ya kinamasi simu ikalia mfukoni. Nikajua kuna msiba. Nikapokea kwa mkono mmoja.

"La nne limekaa upande," Mama kasema. Alikuwa ukumbini na darubini. "Na kutoka la saba kwenda la nane umeacha nafasi kubwa. Unaandika au unachora?"

Nikarudi nyuma. Nikalinyoosha la nne. Nikaongeza moja pale kati. Kwa mbali nikaona kitambaa chake cha kichwa kinapepea, nikajua nimepata tiki.

Jua lilipozama tukarudisha umeme. Mtaa ulishangilia redio zilipowaka. Mikono yangu haishiki kalamu vizuri. Ni mwandiko wa kuku huu. Sijali.

Jumapili, 16 Machi

Tumemwachia yangeyange. Bawa limepona. Mume wangu kamfungua kifungio, akakirudisha kwenye mfuko wa vitambaa, kasema kitafaa kola. Yangeyange alisimama juu ya kamba ya nguo, akatuchafulia shuka safi, akaondoka. Hakuaga. Mume wangu kaoga kwa nusu saa nzima huku anaimba. Afadhali kelele za yangeyange.

Makinda hawakuvuka leo. Mzazi peke yake kavuka, kapita juu mbali kabisa ya maboya, akarudi kuwaita. Wamemtazama tu. Mama hakula mchana.

Jumanne, 18 Machi

Naandika hapa hapa ukumbini, daftari liko gotini. Ukungu mzito. Kamba ya nguo naiona, matete naona nusu, nguzo sizioni kabisa. Ila maboya! Mekundu yanaelea hewani peke yake, kama yametundikwa kwenye mawingu. Meupe sina uhakika nayo.

Mama kavaa blanketi, darubini machoni tangu kabla ya jua. Mume wangu kaleta chai, imepoa. Mfupi kaja kunirudishia koleo nisilomwazima. Anakunywa chai yangu.

Mzazi analia kule kwenye matete. Anaita.

Wote watatu wanakimbia. Wanakimbia kwenye maji, nasikia miguu. Wameruka. Ndege wanaruka! (Nimeandika ndege wanaruka. Mkono wenyewe umeandika. Mama asije akaona.)

Mzazi kapanda, kivuli cheusi kwenye ukungu. Kapita juu mbali sana. Wa kwanza yuko nyuma yake, miguu inaning'inia, anayumba — anakwenda moja kwa moja kwenye waya — kaliona boya! Kageuza kifua, kapanda, kapita! Kapita! Mfupi kamwaga chai.

Mvivu yuko nyuma. Yuko chini sana. Anapiga mabawa kama mtu anayekung'uta mkeka. Anakuja, anakuja, anaelekea pale pale kati ya la saba na la nane nilipoongeza. Boya nililoongeza ni jeupe.

Mama kanipa darubini. Hawezi kutazama. Siwezi kushika vyote viwili, nimeiweka chini, natazama kwa macho haya haya na kuandika bila kuangalia. Mama kashika ukingo wa ukumbi. Anasema naye, polepole, kwa sauti ile ile ya kila asubuhi nikifunga buti:

"Usiangalie chini, mwanangu. Angalia unakokwenda."

Mvivu kainua shingo. Anapanda. Hajafika juu bado, lakini anapanda